Nilifikiri Uhuru Imefuta Kontra Yangu

Minye njo ule mwanaume mwenye alitosha mama mukwe yake inje ya nyumba yake mwenyewe. Mama mukwe! Si kwa ngumi, hapana. Kwa ujinga tu. Musicheke mbele, ngojeni kwanza.

Nilikuwaga mutumishi ku usine, kiwanda ya pamba, kule karibu na Mutarule. Nilikuwa nafunga pamba ku mashine. Masomo yangu iliishia siku mwalimu alisema nirudilie mwaka. Minye nikarudilia nyumbani. Nilibakia na Kifaransa kidogo, na hiyo kidogo njo iliniponza.

Uhuru ya Kongo ikakuja. Batu banaimba, banakunywa, minye nikakaa kufikiri. Nikasema: kontra yangu, ile karatasi ya mapatano ya kazi, niliwekea Mubiligi kidole. Mubiligi hatawale tena. Basi kontra imekufa! Na bakubwa bapya batatafuta batu ya kukalisha mu viti ya bazungu. Mutu mwenye angali na kazi, batamuita namna gani? Lazima nikae tayari. Jamani, akili yangu ile!

Asubuhi nikasimama mbele ya direkta, nikamurudishia kofia ya kazi. "Mesiye, se fini!" Ni kusema: Bwana, imeisha!

Akaniuliza: "Na preavi?"

Preavi! Minye sikujua ni kitu gani. Nikaona ananitukana. Nikamujibu: "Preavi ni weye mwenyewe!" Batumishi bakapiga makofi, nikatoka kama minista.

Kumbe preavi ni kuambia direkta mbele kama utaacha kazi, unatumika zile siku sheria inasema, kisha unaenda na amani yako. Minye niliendaga na makofi.

Siku ile ile kapita, musimamizi wa kambi ya batumishi, akafika ku mulango. "Nyumba ni ya kontra. Kontra umetupa. Tosha vitu."

Riziki, bibi yangu, alikuwa ametoka kuzaa. Mutoto hakukuwa hata na jina. Akaniangalia. "Baba mutoto, bale bakubwa bapya balikupatia nyumba gani?"

Nikajifanya niko nafunga kitanda.

Tukaenda Nyakabere kwa mama yake. Sasa kwetu, mukwe halale nyumba moja na mama wa bibi yake. Hakule mbele yake, hata macho hamutilie. Na nyumba ilikuwa moja tu. Ule mama alichukua kirago yake, akaenda kulala mu jikoni, katikati ya moshi na mbuzi. Minye nikalala pa kitanda yake! Asubuhi akipita, najificha nyuma ya mulango. Mwanaume muzima, na ndevu!

Bakubwa bapya hawakuniita. Nikatafuta kazi ku mausine ingine, kila mahali banauliza: "Atestasio iko wapi?" Atestasio, ile karatasi ya kushuhudia kazi yako, direkta alikatala nayo, na juu ya hiyo akanishitaki kwa ofisi ya kazi. Mvua ikaanza. Kule jikoni mama akaanza kukohoa.

Riziki akaniambia: "Mama akifia mu jikoni ile, weye utafute bibi mwingine."

Nikakimbia Uvira kwa ensipekta, mukaguzi wa kazi wa serikali. Nilikuta ni Mukongomani mwenzangu! Nikaingia na meno yote inje. "Ndugu, uhuru!"

"Uhuru, ndugu. Kaa. Ku kontra nani aliweka kidole?"

"Ni minye, lakini Mubiligi njo alikuwa—"

"Kidole ilikuwa ya Mubiligi?"

"Hapana."

"Basi. Sheria inakuruhusu kuacha kazi. Haikuruhusu kukimbia. Direkta akitaka, kesho uko ku tribinali, mbele ya hakimu, na uhuru yako haitakusaidia kule. Rudia, omba musamaha, tumika preavi yako yote."

Nikarudia. Direkta alicheka mpaka akatosha miwani. Mashine yangu ilikuwa na mutu mwingine, basi akanipatia ufagio. Nikafagia mbele ya bale bale balinipigiaga makofi. "Preavi, umesahau hapa!" "Preavi, na huku pia!" Jina ile ningali nayo mpaka leo, hata batoto ya kambi bananiita nayo.

Lakini nilimaliza. Mashitaka ikatoshwa, atestasio nikapata, na kazi ingine yenye nyumba. Mama mukwe akarudia pa kitanda yake. Kikohozi haikumuacha.

Ninyi munataka kuacha kazi, acheni! Lakini semeni mbele, mutumike siku zenu, mutoke na karatasi mu mukono. Makofi ya benzenu haina chumba ya kulalisha mutoto, ninawaapia!

Siku moja nilipita Kimanga kwa rafiki yangu Zabuloni, fundi wa nguo. Nikamuhadisia yote, na nikajisifu kidogo: preavi nilitumika mpaka siku ya mwisho, na ufagio mu mukono!

Akasimamisha sherehani. "Weye nyamaza. Preavi yako aliitumika ule mama, mu jikoni."