Simu ya Wiki Ijayo

Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, ana hasira za karibu. Kampuni ya simu inasogeza mbele tarehe ya kutoa simu mpya kila kukicha. Yeye anaiota usingizini, mateke nayala mimi.

Leo tulipofika dukani, muuzaji alisema tena, "Wiki ijayo, kaka." Akala ngumi ya mdomo. Mume wangu akavunja kabati la kioo kwa nyundo yake ya kazi, akachomoa simu ya maonyesho. Huku damu ikimchuruzika mkononi, akabonyeza, akabonyeza. Wapi! Plastiki tupu. Akaitupa, akamkunja muuzaji shati.

"Ya kweli inatoka lini?"

Muuzaji akatema jino, akajibu kwa mazoea: "Wiki ijayo, kaka."

Nikafumba macho. Nyundo alikuwa hajaiweka chini.