Mtu wa Mto

Mama yangu aliwagawa watu wote wa Moroni katika mafungu mawili: watu wa kaskazi na watu wa kusi. Wa kaskazi huchemka upesi na kucheka upesi, na mikono yao haifumbati kitu, kama mvua za msimu wao. Wa kusi ni wakavu, wanahesabu, wanafunika sufuria. Yeye mwenyewe alikuwa wa kusi kindakindaki, na mimi akanitia fungu hilohilo bila kuniuliza. Mume wangu Bakari ndiye pekee aliyemshinda.

"Huyu," alisema, "ni mtu wa mto."

Ilikuwa kweli. Bakari alitoka Mutsamudu, kwenye kisiwa cha jirani, ambako mto unapita mjini na wanawake hufua humo huku wakisengenyana. Kisiwani kwetu Ngazidja hakuna mto. Mvua ikigusa ardhi, mawe meusi ya mlima yanainywa. Nyumba yetu ya mtaa wa Badjanani iliishi kwa birika, chumba cha mawe kilichochimbwa chini ya ua, ambacho mvua za kaskazi hukijaza kutoka paani, nasi tukayanywa maji yake kidogo kidogo kusi nzima. Na kwa kuwa kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, Bakari alikuja na sanduku lake na mazoea yake ya mto.

Nilifunga naye ndoa wakati wa kaskazi. Alikuwa mcheshi, akiimba bafuni, akijimwagia ndoo juu ya ndoo. Kusi ilipoingia, mama yangu, tuliyemwita Mma, akalifunika birika kwa ubao, akaweka jiwe juu, akamkabidhi mkwewe kopo la kuogea. Basi mume wangu akazimika. Alikuwa akikaa barazani hasemi, ngozi imempauka, akiyatazama mawingu ya mlima Karthala yasiyotaka kushuka. Ilikuwa kama nimeolewa na waume wawili. Nilimpenda wa kwanza na kumvumilia wa pili, wala sioni haya kusema.

Siku ya mwisho ya kawaida ninayoikumbuka ni ile ambayo Mma alilifunika birika, mwaka 1978. Mvua zilikuwa zimekwisha na maji yamejaa hadi karibu na mdomo.

"Mma, kwetu maji hupita yenyewe, hakuna anayeyafungia," Bakari alimtania.

"Ndiyo maana na wewe unapita tu," Mma akajibu. "Sijui lini utakaa."

Tulicheka wote.

Siku chache baadaye tuliamshwa na bunduki. Mamluki wa kizungu walikuwa wameshuka pwani kabla ya alfajiri, na serikali ikaanguka. Wako walioshangilia, nami siwalaumu. Serikali ile ya vijana ilikuwa imewaumiza wengi. Lakini Bakari alikuwa karani wa kamati yake ya mtaa, na watu wa kamati walianza kuchukuliwa, nyumba hadi nyumba.

Mjomba wangu, aliyekuwa akipakia shehena bandarini, alipata chombo kinachokwenda Mutsamudu siku ya Jumapili. Kazi yetu ilikuwa moja tu: Bakari asionekane mpaka siku hiyo.

Jumamosi asubuhi jirani yetu alifiwa. Msiba haukwepeki. Tusingekwenda, watu wangejiuliza tunaficha nini. Mma na mimi tukajifunika buibui, tukamwacha Bakari ndani, mlango umefungwa. Tulikuwa tumekaa na wafiwa mtu aliponong'ona kwamba askari wanapekua mtaa wetu. Tukaaga taratibu, tukatoka.

Kwenye kona Mma alisimama.

Maji yalikuwa yanashuka njiani.

Yalipita kati ya mawe, masafi, mengi, yakazunguka miguu yetu. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona kitu kama hicho Badjanani wakati wa kusi. Mtu wa Moroni anaweza kumwaga maziwa. Maji ya birika hamwagi.

Bakari naye alikuwa amewasikia askari. Nyumba haikuwa na pa kujificha ila birika, na birika lilikuwa limejaa. Ingekuwa mwisho wa kusi, angeingia humo kama anavyoingia chumbani kwake. Akateka ndoo baada ya ndoo, akamwaga kwenye mfereji wa ua unaotokea njiani, mpaka akaweza kusimama ndani, maji yakimfika kidevuni. Kisha akavuta ubao juu ya kichwa chake. Kwao maji yakipita njiani hayamwambii mtu kitu.

Mma aliingia, akatoka na beseni na mashuka, akapiga magoti kizingitini, akaanza kufua na kumwaga ovyo. Mwanamke yule yule aliyekuwa akinawia miguu maji aliyooshea mchele! Nikasimama kando yake nikikamua shuka lisilo na doa.

Wakaja. Mzungu mmoja mwenye sare nyeusi, na vijana wa kwetu nyuma yake.

Mzungu aliyaruka maji asilowe viatu, akapita.

Kijana mmoja akasimama. Alikuwa wa Moroni hii hii. Akayatazama maji, akamtazama Mma, akamwita kwa jina la heshima la wanawake wa kwetu.

"Bweni, kusi imeingia. Leo unafulia mto?"

"Maji ni yangu, mwanangu."

"Ni yako, Bweni," akasema kwa adabu kabisa. Akamwita mzungu arudi.

Walikwenda moja kwa moja uani.

Wakaondoa ubao.

Bakari alitoka, nguo zimemganda mwilini. Alipita karibu yangu hata akanilowesha.

"Funika birika, Echa," aliniambia. "Taka zitaingia."

Sikumwona tena. Mjomba aliuliza kambini, akaambiwa hayumo. Chombo kiliondoka Jumapili bila yeye. Hatukupewa maiti, wala kaburi la kusomea dua. Mamluki wenyewe walikaa kwetu miaka mingi, wakanunua mikate madukani kama watu wengine. Yule kijana sasa ni mzee mwenye mvi. Tukikutana hunisalimu, nami humwitikia, kwa sababu salamu ni haki.

Kusi ile ilikuwa ndefu. Birika lilikauka mapema, majirani wakatuletea maji bila kuuliza lolote. Mma hakulalamika hata siku moja. Aliacha kabisa kuwagawa watu kwa misimu. Mara moja tu, akikwangua tope la chini, nilimsikia akilia peke yake: "Mwanangu, mwanangu." Hakuwa na mtoto mwingine ila mimi, na hakuwa akinililia mimi.

Mvua zilipoanza nilivuka kwenda Mutsamudu kumpa pole mama yake Bakari. Nyumba yake iko juu kidogo ya mto. Usiku kucha niliusikia ukipita, nisipate usingizi, nikielewa alichokuwa akikikosa mume wangu kwetu.

Asubuhi bibi yule alinishika mkono.

"Niambie kweli, mwanangu. Huko kwenu, mwanangu alizoea?"

"Alizoea, Mma," nikamwambia. "Alikuwa kama yuko kwao."

Akamshukuru Mungu. Mimi nikatazama chini. Angezoea, asingemwaga yale maji.