Nauli Iliyotoka Mitini

Walisema sitamaliza kidato cha nne, nikamaliza. Walisema nikifika chuo kikuu nitafukuzwa kwa kukosa karo kabla ya mwaka kwisha, na mwaka ulipokwisha nilikuwa wa kwanza katika darasa la biashara. Habari kwamba nimechaguliwa kwenda kusoma ng'ambo ilipofika kijijini kwetu, pembeni mwa Mikinduri, jirani yetu mmoja mzee alicheka hadi akashika kiuno.

"Huyu?" aliwauliza wanaume waliokuwa wakifunga miraa kibandani. "Huyu hata hapo mjini Nkubu hajawahi kulala, mnasema atalala Ulaya?"

"Mwache aende, mzee," mwingine akadakia. "Atarudi na koti tu."

Wakacheka wote. Baba yangu alikuwa pale pale, akifunga bunda lake kwa jani la mgomba. Hakucheka wala hakuinua kichwa.

Nafasi yenyewe haikuwa ya kila mtu. Chuo chetu hapo Meru, chuo cha kanisa, kilikuwa na mapatano na chuo kimoja cha biashara huko nje. Kila mwaka wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, wa biashara tu, walipelekwa kusoma huko mwaka mzima bila karo. Wangefanya mazoezi ya kazi katika kampuni, wapate diploma ya biashara ya mazao, kisha warudi kumalizia digrii nyumbani. Tuliomba wengi, na baadhi yetu walikuwa watoto wa watu wenye magari. Tulitakiwa kuandika mpango wa biashara ya zao la kwetu. Wenzangu waliandika kahawa na chai kwa maneno ya vitabuni. Mimi niliandika ndengu za Mbeere, kwa kuwa mama yangu alizaliwa huko, karibu na Siakago na likizo zangu nyingi nilizimaliza kwenye mashamba ya wajomba. Miraa ningeiandika vizuri zaidi, lakini chuo cha kanisa kiliihesabu ulevi, hakikutaka hata kuisikia ikitajwa.

"Kijana, hesabu hizi za faida umejifunza wapi?" mwalimu mmoja aliniuliza kwenye usaili.

"Soko la Siakago, bwana. Ukikosea pale unalala njaa."

Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye ubao wa matangazo. Sikusaidiwa na mjomba wa ofisini wala barua ya mheshimiwa. Nilishinda kwa kichwa changu, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Karo ilikuwa bure, nauli haikuwa. Nguo za baridi hazikuwa bure, wala chakula cha miezi ya kwanza. Miti bora ya baba ilikuwa imekwisha kukodishwa kwa mfanyabiashara wa mjini kwa miaka kadhaa ili mimi nisome Meru. Kwa hiyo baba alifanya lile ambalo watu wa kwetu hufanya wakikwama. Alikwenda kukopa miti.

Mtu wa mbali huenda asielewe. Jirani hakupi mti wenyewe, anakupa mavuno yake kwa misimu mnayokubaliana. Wewe ndiye unayekwea, unayechuma, unayefunga na kuuza. Siku yako ya kulipa ikifika, humpelekei pesa. Unampa mavuno ya mti wako kwa misimu ile ile, yakiwa yamechumwa na mtu wa nyumba yako, si kibarua. Bunda la kwanza unampelekea mlangoni. Akilifungua na kutafuna kijiti mbele yako, mmemalizana, misimu inayobaki ni kumalizia tu. Asipolifungua, bado unadaiwa.

Baba alizunguka nyumba saba na hakuna iliyomrudisha mikono mitupu. Hata yule jirani aliyecheka alitoa mti wake wa mpakani, mkongwe na mrefu kuliko yote.

"Elewa," alimwambia baba, "simkopeshi kijana wako. Kijana simwamini. Nakukopesha wewe."

"Ni sawa," baba akamjibu. "Mimi namwamini kwa niaba yenu wote."

Nikaondoka. Sitasimulia theluji, kila aliyekwenda huko ameisimulia. Nitasema tu kwamba darasani walikuwemo watoto wa nchi nyingi, nami mtoto wa mchuma miraa nikawaacha nyuma. Kampuni niliyofanyia mazoezi ilifungasha maharagwe na ndengu kutoka duniani kote, na msimamizi wangu aliniomba nibaki. Nilikataa. Nilikuwa na miti saba ya kulipa.

Siku hizo simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Jumapili moja kila mwezi nilipiga simu ya parokia baada ya misa, na mama alikuwa akinisubiri. Mara ya kwanza na ya pili baba pia alikuwepo, akizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya bonde tu. Baadaye akawa hayupo.

"Baba yuko wapi?"

"Amekwenda kuchuma," mama alijibu. "Soma, mwanangu. Pesa ya simu inakwisha."

Nilimwamini. Miraa haijui Jumapili, na mvua ikinyesha vichipukizi havimsubiri mtu. Pesa ya chakula iliendelea kunifikia hadi mwisho, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kutilia shaka.

Nilirudi na diploma yangu, nimevaa suti, na kweli, nikiwa na koti. Mama alinipokea kwenye stendi ya Nkubu akiwa pamoja na yule jirani. Nilishangaa kumwona mzee yule, kisha nikafurahi. Nilitaka awe wa kwanza kuuona uso wangu.

"Nimelala Ulaya, mzee," nikamwambia.

Alichukua begi langu zito, yeye mtu wa umri ule, akatangulia.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza mama.

"Twende nyumbani kwanza."

Nyumbani walinipeleka nyuma ya nyumba, na kaburi lilikuwa tayari limeota majani.

Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa mpakani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na matawi yaliteleza, lakini bei ilikuwa nzuri wiki ile na mimi nilikuwa nikisubiri pesa. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Ilikuwa baada ya ile Jumapili ya pili.

Mama alinieleza yote tukiwa tumekaa jikoni. Jioni ya mazishi, wale waliokopesha miti walikutana nyumbani kwetu wakaamua nisiambiwe. Wakasema nikijua nitarudi, na nikirudi kabla ya kumaliza, miti yote itakuwa imechumwa bure na marehemu ameanguka bure. Kisha wakagawana kazi. Kila nyumba ilichuma mti iliokuwa imemkopesha baba, ikauza, pesa ikaletwa kwa mama na kutumwa kwangu. Chakula nilichokula huko miezi ile yote kilichumwa na mikono ya wale walionicheka.

"Ulinidanganya, mama."

"Nilikudanganya."

"Kila mwezi!"

"Kila mwezi. Na nikishaweka simu chini, padre alikuwa ananipa kiti nikae. Ungefanya nini hapa, mwanangu? Ungemfufua?"

Kwa siku nyingi sikuzungumza naye ila kwa salamu. Sikuwa na hasira naye hasa. Nilikuwa na hasira na kila kitu nilichokula huko.

Digrii sikuimaliza. Chuo kiliniwekea nafasi yangu ya mwaka wa tatu, lakini mama alikuwa peke yake na karo haikuwepo. Nilichukua diploma yangu nikaenda Embu, nikaajiriwa kwenye ghala la nafaka, nikapanda hadi kuwa meneja, kisha nikaacha nikafungua langu. Leo nina maghala mawili na malori, nanunua ndengu Mbeere yote, na vijana wenye digrii wananiita bosi. Watu wanaosema ni diploma tu waje wahesabu magunia yangu.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi nilitaka kulipa haraka. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikakadiria mavuno ya kila mti, nikaongeza riba ya haki, nikatia pesa kwenye bahasha na kuanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mjane. Aliitazama bahasha kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

"Umekuja kununua nini?" akaniuliza.

"Nimekuja kulipa, mama. Ule mti."

"Babako alinunua mti wangu?"

"Hapana."

"Basi rudisha pesa zako mfukoni, msomi. Unataka watu waseme nilimuuzia marehemu mavuno? Nitakusubiri kama nilivyomsubiri yeye."

Sikwenda nyumba ya pili. Ilinibidi nisubiri ukodishaji wa miti ya baba umalizike, na ilipotoka mikononi mwa yule mfanyabiashara ilikuwa imechumwa vibaya, matawi yamevunjika, mashina yamezingirwa na magugu. Jumamosi nilikuwa natoka Embu alfajiri kwenda kuipalilia na kuikata matawi. Watu walicheka tena, meneja aliyevua soksi anajifunza kukwea mti. Mama alikuwa hatoki nje nikiwa juu. Alikaa jikoni amefunga mlango mpaka asikie nimeshuka.

Miti ilipona. Mmoja mmoja nililipa, kila nyumba kwa misimu yake, na yule mjane alikuwa wa kwanza kufungua bunda. Ilichukua miaka. Akabaki jirani wa mpakani.

Mti wake haukuwa umechumwa tena tangu pesa ya mwisho iliponifikia, ulikuwa umeachwa ukawa msitu. Nilimpelekea bunda langu la kwanza asubuhi, bado lina umande. Aliliangalia, akaingia ndani. Siku ya tatu nilipita nikalikuta pale pale mlangoni, halijaguswa, limenyauka. Mvua zilizofuata nikapeleka lingine. Likanyauka pia.

Mara ya tatu sikuondoka. Nikakaa chini mbele ya mlango wake na suruali yangu nzuri.

"Wewe ni mkaidi kama babako," alisema akiwa ndani.

"Fungua bunda, mzee."

"Nilimpa mti ukamuua. Mimi ndiye ninayedaiwa, si wewe. Nenda zako Embu."

"Alikuja hapa kukopa, akakuambia ananiamini. Usipolifungua, watu watasema alikufa na deni. Mimi nitawaambia nini watoto wangu?"

Nikasikia komeo likivutwa. Kisha akatoka, akaketi kwenye kigoda, akaweka bunda magotini. Kamba ikamshinda. Nilinyoosha mkono nimsaidie akanisukuma.

"Acha. Ni langu."

Alilifungua. Akachagua kijiti chekundu, akakimenya kwa kucha kwa sababu meno yalikuwa yamebaki machache, akakitafuna upande mmoja wa mdomo. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyafuta.

"Ni tamu," akasema. "Mti wa babako ulikuwa mtamu siku zote. Mchoyo yule, hakuwahi kunipa hata kijiti."

Tukacheka, kisha hakuna aliyeweza kuendelea kucheka.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Amefungua?"

"Amefungua. Wamekwisha wote, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Basi nenda ukamwambie."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, kaburini kwa baba. Mimi ninayehutubia mikutano ya wafanyabiashara bila karatasi, nilisimama pale na nikakosa neno la kuanzia. Nilianza kung'oa majani yaliyoota pembeni, nikang'oa upande mmoja, nikahamia wa pili, mpaka mama aliponiita nikale.