Debe la Kadi za Bima

Jambo hili sikumsimulia mtu mwaka mzima, na waliolijua walilijua kwa sababu walikuwepo wakinitazama, nusu ya kijiji, nikiwa nimepiga magoti kwenye chumba cha daktari na kadi za bima zimenizunguka sakafuni kama karata za mlevi.

Mimi ni mkulima wa alizeti hapa chini ya Mlima Sekenke. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwa cheti hicho (na kwa mvi hizi) watu walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu, zahanati ndogo yenye daktari mmoja, Daktari Neema, na wauguzi wawili. Karibu kila mgonjwa anayeingia pale ana kadi ya bima ileile moja, ile tunayoiita Mfuko, maana Mfuko umeenea mkoa mzima na bima nyingine sijawahi kuiona ikifika huku kwetu. Kwa hiyo Mfuko ukisaini nasi mkataba tunaendelea kuwa na zahanati, ukikataa wagonjwa wote watapanda mlima kwenda hospitali ya Kiomboi na sisi tutafunga milango. Kijiji cha jirani walinyimwa mkataba, na sasa mbuzi wanalala kwenye baraza ya zahanati yao. Nilikuwa nikipita pale na baiskeli ninageuza uso upande wa pili.

Basi mkataba wetu ukakaribia kuisha, ikaja barua kwamba bei ambazo Mfuko unatulipia matibabu zitashushwa. Daktari Neema akaniambia waziwazi kwamba kwa bei hizo muuguzi mmoja lazima aondoke. Jioni hiyo afisa wa Mfuko akanipigia simu kutoka Singida, binti mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo babu. Barua mmeipata?"

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi wakulima, mnunuzi wa alizeti akiwa mmoja tu kijijini, tunamwambia jana alipita mwingine na bei nzuri zaidi (msinitazame hivyo, hata ninyi mnafanya), na mimi kwa woga wangu nikaona dawa ni hiyohiyo.

"Marahaba binti yangu. Tumeipata, lakini sisi hatuna haraka. Nusu ya wagonjwa wetu wanalipa taslimu."

"Nusu, babu?"

"Nusu au zaidi."

"Haya. Alhamisi nitakuja nijionee mwenyewe."

Nikakata simu. Ningeweza kumpigia tena nikasema binti nimekosea, yangeisha, lakini mtu mzima kumwambia mtoto kwamba amemdanganya ni kazi ngumu kuliko kulima, kwa hiyo nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wiki hii hakuna kutumia kadi, anayeumwa avumilie mpaka Ijumaa, na kwa kuwa ninawajua watu wangu nikazikusanya kadi zenyewe nikazitia kwenye debe la mafuta, debe nikalifungia kwenye kabati la Daktari Neema.

"Mwenyekiti, mimi simo," alisema daktari.

"Wewe nipe ufunguo tu."

Jumanne mke wangu, Mama Eliya, akamaliza vidonge vyake vya presha, ambavyo huvichukua kila mwezi kwa kadi.

"Nipe kadi yangu nikachukue dawa," akasema.

"Subiri Ijumaa, mgeni akishaondoka."

"Na kichwa kikianza?"

"Mama Eliya, ni siku tatu tu."

Hakubishana, na heri angebishana. Kumnunulia vidonge kwa pesa mkononi hata hakukunijia akilini, mimi niliyekuwa nimejigamba kwa taslimu mpaka Singida.

Alhamisi gari jeupe likaingia. Kwenye benchi nilikuwa nimewapanga wagonjwa wa taslimu, na Mama Eliya mwisho wa benchi ili lijae. Afisa akashuka na kishikwambi chake, akaamkia wazee mmoja mmoja vizuri kabisa, na kabla hajauliza lolote jirani yangu Mzee Kitundu akasimama kama mwanafunzi.

"Mimi ninalipa taslimu!"

"Sawa babu," akasema afisa. "Unaumwa nini?"

"Hilo mwenyekiti hakuniambia."

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka, nami nikacheka nao. Nikageuka kumtazama Mama Eliya nikitegemea anipe moyo, nikaona ameshika kichwa kwa mikono miwili, mara akateleza kutoka kwenye benchi taratibu kama nguo inayoanguka kwenye kamba.

Tulimbeba ndani. Daktari Neema akampima, akapima tena, akaitazama mashine bila kusema namba.

"Mama, dawa umeacha lini?"

Mke wangu akafumbua macho. "Muulize mwenyekiti."

Dirishani kulikuwa kumejaa vichwa. Nikasema, "Nilimwambia asubiri."

"Anakwenda Kiomboi sasa hivi," akasema daktari. "Kadi yake ya bima iko wapi, niandike rufaa?"

Ilikuwa kwenye kabati, hatua mbili kutoka aliposimama afisa. Nikafungua, na kwa haraka nikalivuta debe vibaya likanianguka, kadi zikamwagika chumba kizima mpaka kwenye viatu vyake. Nikapiga magoti kuitafuta ya mke wangu, miwani nimeisahau nyumbani, kila kadi sura ni moja, na nyuma yangu ninamsikia akipumua kwa shida, na dirishani watu wakaanza, "Ile iliyopinda pembeni ni yangu!" "Mwenyekiti, usiikanyage ya mama!" Niliogopa jamani. Sijawahi kuogopa hivyo, na nilizika baba na mama.

Afisa akainama akachutama kando yangu, akatafuta nami, akaiona yeye. "Mama ni huyu hapa. Tumpakie kwenye gari langu."

Tukapanda mlima, mke wangu amelala mapajani mwangu. Kwenye kona za Sekenke afisa, aliyekaa mbele na dereva, akageuka.

"Babu, kila mgonjwa akitibiwa kwa kadi, taarifa inakuja kwetu. Nilijua kabla sijatoka Singida."

"Sasa mbona ulikuja?"

"Nilikuja nikitegemea useme ukweli. Wanachama wetu hawa wote hawana zahanati nyingine ya karibu. Kwa sehemu kama yenu nilikuwa na ruhusa ya kuwaachia bei ileile ya zamani kwa miaka mitatu. Ila sababu lazima iandikwe na kamati, na wewe uliniambia nusu yao hawatuhitaji."

Kumbe Mfuko nao ulikuwa unatuhitaji, na kitu pekee cha kumthibitishia hilo kilikuwa lile debe la kadi nililolifungia kabatini.

Mama Eliya alilazwa siku sita. Alipona, ila mkono wa kushoto hauna nguvu kama zamani, ungo wa kupepetea anasaidiwa kuushika. Mkataba tulipewa, wa mwaka mmoja, kwa bei mpya, na muuguzi mmoja tukamuaga. Nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema kosa ni langu, nikaacha uenyekiti. Mzee Kitundu akauliza, "Na sisi wa taslimu tunapangwa wapi?" wakacheka, nami nikawaacha wacheke.

Kadi yake sasa Mama Eliya anaifunga kwenye pindo la kanga, hanipi hata niishike. Kila mwezi ninamsindikiza kuchukua vidonge, na tukifika mlangoni anasimama mbele ya benchi zima, ananigeukia.

"Mwenyekiti, leo unaruhusu?"

Ninajibu, "Ingia, mama." Na nimeapa, alizeti nitaiuza kwa maneno yoyote yale, lakini kwa habari ya mtu anayeumwa sitasema tena neno ambalo si kweli, hata nikiulizwa na mtoto kwenye simu.