Kitambaa Juu ya Kompyuta

Hebu mwone fundi wa kompyuta akifika kwa jirani yangu hapa Kitengela, akikung'uta vumbi la viatu mlangoni na kushusha pumzi kabla hata ya kukaa. Ni mara ya tatu mwezi huu. Hagusi kitufe chochote kwanza. Hulaza kiganja juu ya mashine, kama anayepima homa ya mtoto. "Iko moto tena, mama." Sauti yake ni ya chini, imechoka. "Si ulisema umetengeneza?" anauliza jirani yangu, Mama Whitney. "Gemu ya magari bado inakwama kwama. Hapa tunasukuma, hatuendeshi." Fundi anatabasamu kidogo. Anatoa kitambaa cha kufuma kinachoifunika mashine mpaka chini na kuziba feni, anakikunja taratibu.

"Pole pole na hicho, fundi. Mama alinifumia akiwa hospitali. Hakufuma kingine." Naona fundi akikitazama kitambaa, kisha feni. "Ni vumbi tu," anasema, na kupuliza feni. Akimaliza, anakirudisha kitambaa mwenyewe, akinyoosha kila pembe. Mashine hiyo haitamaliza mwaka, na yeye anajua. Wewe ungemwambiaje?