Kiti cha Kukwelea Mti Nilichomchagulia Baba

Enzi zetu sisi tuliokulia Nanyala, mtoto aliyejua kukwea mti hakukosa kazi na hakukosa fimbo. Kazi, kwa sababu masuku, yale matunda ya porini, yako juu, mzinga wa nyuki uko juu, na mpira wa makaratasi wa wavulana ukinasa unanasa juu. Najua kuna watakaosema masuku huokotwa chini. Ni kweli, huokotwa yakishaangushwa, na wa kuyaangusha nilikuwa mimi. Fimbo, kwa sababu nilikuwa msichana, na mama hakupenda kuulizwa kanisani kama kweli yule aliyeonekana juu ya mkaratusi ni wa kwake.

Mimi ni Enesi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sentensi ikienda kombo mnisamehe. Naandika habari ya kiti kimoja cha chuma. Wenzangu wa rika langu, mpaka leo tukikutana msibani, lazima mmoja aseme, “Mtoto wa Baba Mvumo huyo,” na wote mnacheka hata maiti hajazikwa. Chekeni tu. Ila mnamcheka mtu ambaye siye.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kahawa kidogo, baridi nyingi, na mikaratusi iliyosimama wima kama askari wa gwaride. Shamba la chakula lilikuwa bondeni Momba, kwenye joto, ambako mahindi yanakuja haraka na nguruwe pori nao wanakuja haraka. Tulishuka huko kila msimu, tukajenga kibanda cha nyasi, tukakaa mpaka mavuno. Nilipenda sana bondeni kwa sababu hakukuwa na shule. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akikukosoa kwanza kwa fimbo, halafu ndipo anaangalia daftari. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwaka mmoja kabla ya habari hii, nguruwe walitumaliza. Baba alikuwa na gobori la marehemu babu na kibali cha kijiji cha kulinda shamba. Alijenga madungu matatu, maana yake vichanja vya miti vya kukaa juu na kuvizia. Nguruwe si mjinga. Dungu likiwa mashariki, yeye anaingilia magharibi. Ukijenga la magharibi, anakupa siku mbili za kufurahi, halafu anatokea katikati. Mwaka ule tulikula viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni, mpaka mdogo wangu akawa akiona kiazi analia. Mama akasema neno moja tu, na mama alikuwa mtu wa neno moja: “Wakila tena, mimi mlima huo siushuki.”

Kwa hiyo baba akawa anatafuta kitu cha kukalia juu kinachobebeka. Leo uko mti huu, kesho mti ule, nguruwe asijue umelala wapi.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Nyie mnakumbuka, sabuni tulikuwa tunaikata kwa uzi, halafu ghafla Tunduma imejaa viatu vya mtumba, mafuta ya kujipaka, na radio zinazoita kila mlango na lugha yake. Pale mpakani kulikuwa na mchomeleaji mmoja, Fundi Shabani, mtu wa Kondoa. Gari la wawindaji lilitoka upande wa Zambia kuchomelewa bomba la moshi, na juu yake kulikuwa na kiti cha ajabu. Fundi alikipima kwa macho tu. Gari lilipoondoka, akaunda viwili vya kwake.

Kiti hicho kina vipande viwili. Cha juu unakalia, cha chini unakanyagia, na kila kimoja kina kitanzi kinachozunguka shina la mti. Unakaa, unavuta cha chini kwa miguu. Unasimama, unapandisha cha juu kwa mikono. Unakwea mti kama funza wa mahindi, hatua kwa hatua, na ukifika unapotaka uko tayari umeketi.

Baba alisikia habari zake, akanichukua twende wote kuchagua. Mama alinuna. Baba akamwambia, “Mama Enesi, mkwezi wa nyumba hii ni nani? Ndiye atakayesema.” Mama akanipa kaptula ya baba mdogo nivae ndani ya gauni, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Viti vilikuwa viwili. Cha kwanza kitanzi chake kilikuwa mnyororo, unaweza kuurefusha na kuufupisha pete kwa pete. Kilikuwa na kutu na kikitikiswa kinalia kama mfungwa. Cha pili kitanzi chake kilikuwa waya mnene wa lori, umevishwa mpira, kimya kabisa. Na kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu.

Fundi alikuwa amesimika nguzo ya mkaratusi mbele ya kibanda chake kwa kujaribia. Nilikwea na cha bluu mpaka juu, watu wakakusanyika. Mzambia mmoja mwenye magunia akapiga makofi, “Chawama, mukwai! Chawama!” yaani safi sana. Mimi nikajiona niko ndani ya ndege.

Baba akauliza, “Fundi, kinashika kweli?”

“Mzee, hicho kikiachia, mimi nafunga kibanda narudi Kondoa kulima ulezi. Unawinda nini?”

“Nguruwe.”

Fundi alitazama kiti, akatazama mikono yake. Alikuwa Mwislamu safi. “Mimi nimechomelea kiti,” akasema. “Huko utakakokaa ni wewe na Mungu wako.”

Wakacheka wote wawili. Baba akaenda duka la pili kununua chumvi, akaniambia, “Nikirudi uwe umeshaamua.” Hapo ndipo Fundi Shabani aliponiinamia, akasema taratibu, wala hakunificha kitu:

“Binti, sikiliza. Hiki cha waya hakirefuki. Ni cha mti wenye unene mmoja toka chini mpaka juu. Kama mtakwea mti unaonenepa njiani, chukueni cha mnyororo. Huko kwenu miti ikoje?”

“Imenyooka,” nikasema. “Kama nguzo hii.”

“Yote?”

“Yote.”

“Haya. Lakini mwambie baba yako nilivyokuambia.”

Sikumwambia. Baba aliporudi nikasema cha bluu, kwa sababu nguruwe ana masikio na mnyororo unalia. Baba akafurahi, akasema nina akili. Hoja yenyewe ilikuwa ya kweli, na hata leo anayechagua kiti cha mtini nitamwambia aangalie kwanza kelele, halafu uzito, halafu kamba ya kujifunga kiunoni. Lakini mimi sikuchagua kwa kelele. Nilichagua kwa rangi. Na ile miti niliyomwambia fundi ilikuwa mikaratusi ya Nanyala, wakati shamba liko Momba, na Momba nilikuwa naijua kama kiganja changu.

Tuliposhuka bondeni baba alizunguka na kiti mgongoni siku nzima. Kilikuwa na uzito wa debe la mahindi. Mti huu umegawanyika pacha usawa wa kiuno, ule umepinda kama mzee wa mgongo, ule mwingine waya haufiki hata nusu ya shina. Jirani yetu Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, alikuwa akimfuata nyuma akitafuna muwa.

“Mnyiha,” akamwita kwa kabila letu, “huo mti wa kukaa hapo umeubeba pia, au umebeba kiti tu?”

“Subiri, Masanja. Subiri utaona.”

“Nasubiri, baba. Ng'ombe wameshashiba, sina kazi.”

Mti ulionyooka ulikuwa mmoja tu shambani kwetu. Mvumo. Nanyi mnaujua mvumo, ule mti wa jamii ya mnazi. Chini mwembamba, laini, umesimama vizuri. Halafu huko juu katikati unavimba tumbo kama mjamzito, kisha unapungua tena. Kutoka chini tumbo lile huonekana dogo. Nilimwona baba akifunga waya, na maneno ya Fundi Shabani yakanijia yote, neno kwa neno. Nikasema, “Baba.” Akasema, “Nini?” Nikasema, “Jifunge kamba kiunoni.” Hicho ndicho nilichoweza kusema.

Jua lilikuwa limeanza kulala, saa ambayo nguruwe hutoka. Baba akakwea vizuri sana. Gobori aliliacha chini, alivute kwa kamba akishafika, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye tumbo la mvumo, kitanzi cha juu kikabana. Akasukuma kwa nguvu, kikazama zaidi, kikakwama kabisa. Alipojaribu kurudi, kipande cha miguuni kikamponyoka kikaanguka, na kamba ya bunduki alikuwa ameifunga hukohuko, ikaenda nacho. Baba akabaki ameketi juu, miguu inaning'inia, kwenye kiti cha bluu, kama hakimu asiye na kesi.

Na nguruwe wakatoka. Wakatoka kona ya chini, mama na watoto na dume moja kubwa, wakaanza kuangusha mahindi, na baba anawaona mmoja mmoja. “Enesi! Huko! Huko chini!” Mama na mimi tukapiga madebe, wakahamia kona nyingine. Tukakimbilia huko, wakarudi. Robo ya shamba ilikwenda jioni ile, baba akihesabu kutoka juu.

Masanja hakucheka wakati ule, nampa haki yake. Alileta kamba za ng'ombe, mimi nikajizungushia moja na shina nikakwea, nikapitisha nyingine juu ya kiti nikaikaza, na baba akateremka nayo. Viganja vyake vilichunika. Kiti kikabaki kulekule. Ndipo Masanja alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini, na jina la Baba Mvumo likazaliwa pale, likapanda mlima kabla yetu.

Shamba liliokolewa na mama. Alikuwa ameshuka na ubao wa mninga wenye matundu manne, aliukalia jikoni akisonga ugali. Ulikuwa wa babu wa kuwindia, unaufunga kwa kamba kwenye pacha lolote la mti. Aliinuka, akampa baba, akasema, “Chukua. Mimi nitakaa juu ya jiwe.” Kumbe ile miti iliyogawanyika ndiyo ilikuwa miti ya ubao. Siku ya tatu baba alilipiga lile dume akiwa kwenye pacha la mkwaju, na wengine wakahama. Mwaka ule tulikula ugali. Mama aliendelea kushuka mlima.

Baada ya mavuno nilikwenda na baba Tunduma tena. Fundi Shabani alikuwa ameshasikia. Mpakani habari hazilipi ushuru. Akasema mbele yangu, “Mzee, pole. Lakini nilimwambia binti yako kuhusu ule waya.”

Nilitazama chini. Nilikuwa nasubiri kofi, na nilikuwa nalitaka.

Baba akasema, “Aliniambia. Ni mimi niliyepuuza.”

Tukatoka. Akaninunulia andazi. Njiani kote hakusema kitu juu ya hilo, wala mwaka ule, wala mpaka anakufa. Watu walimwita Baba Mvumo miaka yote, naye aliitika.

Siku hizi bondeni mivumo imebaki ya kuhesabu, nguruwe wamekimbilia mbali, na mikaratusi ya Nanyala imekuwa nguzo za umeme. Wajukuu zangu wakichagua kitu wanachagua kwenye simu, kwa picha, kwa rangi, na kikija hakiingii mlangoni. Ngazi ya hatua tano wanaiogopa. Siwasemi sana. Mimi nilichagua nikiwa nimekikalia.

Ule mvumo ulipokatwa, mdogo wangu aliniletea kiti. Kiko barazani kwangu, kuku wanalalia, na bluu bado ipo kwenye maungio. Juzi mjukuu mmoja aliniuliza, “Bibi, hivi ni kweli baba yako alinunua hiki kitu cha kijinga?”

Nikamwambia kaa chini. Nikamwambia kama nilivyowaambia ninyi.