Siku Nne Zilizokosekana Katika Hija ya Bibi

Juzi nilishuka Rubona, kijiji chetu cha ziwani, nikakuta pale bibi yangu alipokuwa akianika sambaza, wale dagaa wa kwetu, pamewekwa viti na miavuli, watu wanakunywa bia wakitazama ziwa. Bia haikuniudhi. Kilichoniudhi ni mhudumu kuniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kufika huko. Mimi! Niliyenuka samaki mpaka kwenye madaftari ya shule! Hebu sogea, nikusimulie kuhusu daftari mojawapo.

Mwalimu wetu, aliyerudi kutoka Kongo na begi la vitabu vya Kifaransa, alikuwa na kitabu kinene kuhusu mahujaji wa Ulaya ya zamani, hasa mashujaa wapanda farasi waliosafiri hadi Yerusalemu. Aliwaita mashevalie. Alitusomea akitafsiri huku akipita kati ya madawati: mashevalie wananunua magodoro Venisi kabla ya kupanda meli, wanabeba kuku hai, wanatapika baharini, wanachonga alama za koo zao kwenye kuta za makanisa mpaka watawa wanawagombeza. Wakirudi kwao wanaandika kila kitu. Jioni nilimsimulia bibi tukichambua sambaza, naye aliwacheka wale kuku wa melini mpaka akashika mbavu.

Mwezi wa nane mwaka uleule bibi naye akaenda hija. Alitoka kwa miguu na kundi la parokia kuelekea patakatifu pa Kibeho, kwenye sikukuu ya Bikira Maria, pamoja na jirani yetu aliyeuza samaki kama yeye. Aliporudi aliniambia nichukue daftari niandike, kama mashevalie. Nikaandika: viazi vya kuchoma walivyopewa njiani, pale Mahoko, vumbi, kandambili iliyokatika. Kisha jirani akavimba mguu, akashindwa kukanyaga. Kundi likaendelea. Bibi akabaki naye siku nne nyumbani kwa mwanamke wasiyemjua, akimkanda kwa maji ya moto, halafu wakarudi kwa lori. Kibeho hakufika.

Parokia yetu ilikuwa na desturi: hija moja husomwa kanisani Jumapili, na mwenye hija huketi benchi la mbele. Mwalimu alilipenda daftari langu, ila mwisho haukumpendeza.

"Bon, utaandika kama alifika," aliniambia. "Hata ba-shevalie walikuwa wanakopiana. Mumoja anaona, kumi wanaandika. Donc haiko zambi."

Na kweli kitabu chake kilisema hivyo: wengi walinakili orodha ileile ya mahali patakatifu, hata pale ambapo hawakutia mguu. Akanitungia maneno ya maandamano na mishumaa. Nikayanakili, nikazifuta zile siku nne. Nilitaka bibi yangu akae mbele. Nilitaka sana, sitakudanganya.

Jumapili nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye mishumaa, bibi akasimama katika benchi lile la mbele, na kitenge chake kipya.

"Mi sikufika," alisema, kanisa zima likisikia. Akamnyooshea kidole jirani, aliyekaa nyuma kabisa. "Ile mishumaa sikuiona. We mutoto, siku ine nilikaa na huyu mama, uliziweka wapi?"

"Ikala tu, mama," mwalimu alimbembeleza aketi. "Iko muzuri."

"Iko muzuri, lakini si yangu."

Akaenda kukaa nyuma, bega kwa bega na jirani. Mimi nililia kwa aibu na hasira, na wiki nzima sikumsemesha.

Leo kanisa lile limejengwa upya, mwalimu ametangulia, jirani pia, na bibi. Daftari liliozea darini. Tangu hapo nimesoma hija nyingi za mashevalie, na wote wamefika. Wote! Hakuna aliyekatiza njia kwa ajili ya mguu wa mwenzake, au labda walikuwepo na hakuna aliyeona cha kuandika. Mimi nakiona. Anayedhani hii si hija aje aniambie usoni. Siku ya kwanza bibi yangu alichemsha maji. Siku ya pili alichemsha maji. Siku ya tatu jirani alikanyaga kidogo, akapiga kelele. Siku ya nne alikanyaga tena, na wote wawili wakacheka.